Sabuni, telefone, na foto niliyoituma Jumamosi usiku

Wamama wenzangu,

Kwenye mkutano wetu uliopita mliniomba niandike namna ninavyouza sabuni kwa njia ya telefone. Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango alisema: «Mwalimu, sisi pia tunaweka foto kwenye WhatsApp. Watu wanaangalia, wanasifu, wanatuma maua, lakini feza haionekani. Wewe unafanyaje?» Niliahidi kuandika. Lakini usiku nilipokaa na daftari niliona kwamba nikieleza mauzo peke yake nitakuwa nimewadanganya. Kuna mambo ninayojivunia kidogo, na kuna jambo la mwaka 2023 ambalo wengine kati yenu mnalijua kwa kusikia, ila hamjalisikia kutoka kinywani mwangu. Nitaandika yote.

Nilianza mwaka 2020. Mnakumbuka kwamba mwezi wa 3 Serikali ilifunga shule zote kwa sababu ya Korona. Walimu tulirudi nyumbani bila kujua ni kwa siku ngapi. Miezi michache mbele ya hapo, mwezi wa 9 wa 2019, masomo ya msingi katika shule za Serikali yalikuwa yamefanywa kuwa bure. Mimi niliyafurahia, na mpaka leo ninayafurahia, maana niliona mabinti wakubwa wakirudi kukaa kwenye mabenchi ya mwaka wa 3 bila haya. Lakini ile nyongeza waliyokuwa wakitoa wazazi, iliyokuwa ikinilipia nyumba, ikaisha. Shule zilipofungwa nikabaki na mshahara ambao haukunifikisha nusu ya mwezi.

Redio zote zilikuwa zikisema tunawe mikono. Katika parsele yetu, Kabondo, kulikuwa na mama mzee aliyekuwa akipika sabuni ya mawese tangu ujana wake. Nilimwomba anifundishe. Alinipa masharti mawili: nisimkopeshe mwanaume mlevi, na soda kostiki niimwage polepole ndani ya maji, kamwe nisimwage maji juu ya soda, kwa sababu inaruka na kuchoma macho. Sharti la pili nimelishika mpaka leo. La kwanza lilikuwa dogo mno. Angeniambia zaidi juu ya mikopo, labda nisingekuwa na habari ya kuwaandikia.

Sabuni inakaa karibu mwezi mzima kivulini ikikauka kabla ya kuuzwa. Ndani ya mwezi huo nilitengeneza tangazo langu la kwanza. Nilikuwa na diploma ya pedagojia, basi nikadhani Kifaransa kizuri kitauza. Niliandika mistari kumi na miwili juu ya usafi, afya na vitu vya asili, kama mtu anayejibu mtihani. Juu yake nikaweka foto niliyoichukua kwenye intaneti: sabuni nyeupe, laini, iliyofungwa kwa kamba na jani moja la kijani. Watu 63 waliangalia. Aliyenunua ni mmoja, shemeji yangu wa Makiso, na yeye nadhani alinihurumia. Alipofungua karatasi alikuta kipande cha rangi ya kahawia kilichokatwa kwa kisu cha jikoni. Akanitazama, akasema: «Yaya, ile ya kwenye foto iko wapi?»

Tulicheka, lakini niliona haya. Mawese yetu ni mekundu, na sabuni yake inatoka na rangi yake. Unaweza kuyachemsha sana mpaka rangi ififie, ila makala yanayoungua hapo ni feza, na sabuni nyeupe haisafishi kuliko ya kahawia. Kesho yake asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilipanga vipande vyangu vyenyewe juu ya jani la ndizi, pembeni nikaweka ndoo na shati la shule la mtoto wangu lililofuliwa. Nikapiga foto hapo nje. Ndiyo foto ya kwanza iliyoniletea mteja ambaye si ndugu. Aliniambia alitambua sabuni hiyo kwa sababu bibi yake alikuwa akitumia ya namna hiyo hiyo.

Tena niliacha kuandika, nikaanza kusema. Wateja wangu wengi ni wamama wa sokoni na wa mashamba ya karibu. Wengine wanasoma kwa shida, wengine wanasoma vizuri lakini mikono imejaa sombe. Ujumbe wa sauti wanausikiliza huku wakitwanga. Ninasema kwa Kiswahili, kisha ninarudia yale yale kwa Lingala, kwa sababu Kisangani yetu inauza kwa lugha mbili na haioni taabu. Sekunde 40 zinatosha: mimi ni nani, sabuni ni bei gani, inapatikana wapi, siku gani.

Hapo kwenye bei nataka kukazia kidogo, mnisamehe. Wengi wenu mnaweka kikwembe kizuri kwenye foto, halafu mnaandika: «Bei, njoo tuongee pembeni.» Mama aliye na franka 5.000 mkononi hataki kuja pembeni. Anaogopa kuuliza, asikie 40.000, kisha aanze kutafuta namna ya kuondoka bila aibu. Atapita tu. Ukitaja bei, asiyeiweza anajua, na anayeiweza anakuja akiwa ameshahesabu. Kipande changu ni franka 1.000 na kila mtu anajua.

Kitu kingine kilinichukua karibu mwaka mzima kukielewa. Nilikuwa na namba zaidi ya 200 kwenye telefone, nikadhani watu hao wote wanaona statu yangu. Fundi mmoja wa telefone ndiye aliyenifungua macho: WhatsApp inamwonyesha mtu statu yako ikiwa wewe umeandika namba yake na yeye pia ameandika namba yako. Upande mmoja ukikosekana, haoni kitu. Vilevile ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, inayofika mpaka watu 256: asiyehifadhi namba yako haupati. Kumbe kwa mwaka mzima nilikuwa nikipiga kelele ndani ya nyumba iliyofungwa. Tangu siku hiyo, nikimpa mtu sabuni ninamwambia kwa ucheshi: «Toa telefone, andika namba yangu hapa hapa nikiona. Andika Mama Sabuni.» Jina hilo limenishika mpaka kanisani.

Na kwa kuwa statu inazimika yenyewe baada ya saa 24, ninachagua siku. Ya kwangu ni Ijumaa jioni. Jumamosi ni salongo, ni siku ya kufua, nguo za shule zimerundikana. Mama akiona sabuni Ijumaa usiku, anamtuma mtoto Jumamosi asubuhi. Nikiweka Jumatatu, wanaangalia tu.

Juu ya mega sitasema mengi, kila mmoja anajua mfuko wake. Ingia tu kwenye mipangilio ya WhatsApp, uzime ile ya kupakua foto na video zenyewe, maana grupu za familia zinakula initi kuliko biashara. Na yeyote anayekuambia amekulipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, usiangalie ujumbe aliokutumia yeye. Angalia salio lako mwenyewe kwanza, ndipo utoe mzigo. Mimi nilipoteza vipande 15 kwa kijana mwenye adabu sana.

Kuna jambo la wanaume wa usiku. Ukiweka namba yako kwenye grupu nyingi, haikosi mtu wa kukuandikia saa ya kulala: «Sabuni ni bei gani? Na wewe?» Mume wangu alisoma moja ya hizo, ikawa neno nyumbani kwetu kwa wiki mbili. Alisema niache. Nilimkumbusha kwamba ile sheria ya zamani, Kodi ya Familia ya 1987 iliyomtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria, ilirekebishwa tarehe 15 mwezi wa 7 wa 2016, na ruhusa hiyo ikaondolewa. Alinijibu kwamba yeye hasemi juu ya sheria, anasema juu ya usingizi wake. Hapo sikuwa na jibu. Tulikubaliana: namba ya biashara ikawa kwenye telefone nyingine ndogo iliyotumika, inazimwa saa ya chakula cha jioni, na foto ya mbele ni ndoo na sabuni, si uso wangu. Wengine watawashauri muonyeshe uso ili mteja awaamini. Labda kwa wasichana wa mavazi ni kweli. Kwa sabuni, ndoo inatosha.

Na msiache meza zenu za sokoni. Dada yangu mkubwa aliuza vikwembe. Mwaka 2018 aliona telefone inamletea watu kuliko soko, akaachia meza yake kwa mwingine. Tarehe 31 mwezi wa 12, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, na meseji za kawaida zikakatwa pia. Ilirudi baada ya karibu siku 20. Januari ile dada alikaa nyumbani na mzigo wake, akiita wateja mmoja mmoja kwa sauti mpaka initi zikaisha, na aliporudi sokoni meza ilikuwa na mwenyewe.

Sasa nifike kwenye lile jingine.

Kama mwalimu, niko na namba za wazazi. Walinipa kwa ajili ya watoto wao, si kwa ajili ya sabuni. Mzazi ambaye mwalimu wa mtoto wake anamwonyesha bidhaa anajiona amebanwa: asiponunua, atafikiri mtoto atachukiwa. Basi nilijiwekea kanuni kwamba wazazi wa darasa langu siwauzii. Kanuni hiyo niliivunja mara moja.

Mama mmoja, mwenye binti katika darasa langu la mwaka wa 5, alisikia sauti yangu kupitia kwa mtu mwingine, akanifuata mwenyewe. Alikuwa akiishi Mangobo, lakini meza yake ya biashara ndogo ndogo ilikuwa ng'ambo, Lubunga. Kila asubuhi alivuka mto kwa pirogi. Aliniambia kule sabuni yangu itakwenda haraka. Mwezi wa 4 wa 2023 alichukua katoni mbili, vipande 80 kwa bei ya jumla ya franka 800, jumla 64.000. Alilipa 14.000 hapo hapo. Iliyobaki, 50.000, angelipa mwisho wa mwezi.

Siku ile nilifurahi sana. Mteja wa jumla, tena wa ng'ambo ya mto! Nikamwomba nimpige foto na katoni zake. Alirekebisha kitambaa cha kichwa, akashika katoni moja kiunoni kama mtoto, akacheka. Ilikuwa foto nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Niliiweka kwenye statu na kwenye grupu ya wateja: «Sabuni yetu sasa inapatikana Lubunga.» Watu wengi walipongeza, na mauzo ya wiki ile yalipanda kweli.

Mwisho wa mwezi ukapita. Nikamwandikia. Ujumbe ukabaki na alama moja tu, ile ya kijivu. Mnajua alama moja maana yake ni nini: umetoka kwangu, haujafika kwake. Nikatuma sauti, alama moja. Nikaita, telefone imezimwa. Wiki mbili nzima, kila nikifungua mazungumzo yake, alama moja. Na mimi, badala ya kujiuliza ni kitu gani kinazima telefone ya mtu kwa wiki mbili, nilijiambia: amebadilisha namba, amenikimbia. Binti yake alikuwa akija darasani kila siku, akikaa benchi la pili. Ningeweza kumwambia: mwambie mama nitapita kumsalimu. Sikumwambia, kwa sababu niliona si vizuri kumtia mtoto katika mambo ya deni. Nilikuwa nikijisifu kwa hilo.

Jumapili ilikuwa zamu ya likelemba yetu, na mchango wangu ulikuwa franka 50.000 kamili. Sikuwa nazo. Jumamosi usiku nilihesabu mara tatu nikiona aibu itakayonipata mbele ya wenzangu, na aibu hiyo ikageuka kuwa hasira. Nikafungua grupu ya wateja, watu 212. Nikachukua ile ile foto ya kucheka, na chini yake nikaandika: «Huyu mama amekula feza ya watu. Akija kwenu, msimpe kitu.» Nikatia na jina lake. Halafu nikalala, na nilipata usingizi.

Asubuhi, kabla ya misa, namba tatu nisizozijua zilikuwa zimenitumia foto ile ile. Ilikuwa imepita katika grupu nyingine, na huko mtu alikuwa ameongeza neno moja kwa herufi kubwa: MWIZI. Mimi sikuandika neno hilo. Lakini nani angeliongeza kama nisingemtengenezea mahali pa kuliandika?

Jumatatu binti hakuja darasani. Jumanne hakuja. Nilipouliza kama kuna anayejua habari zake, mvulana mmoja, bila ubaya wowote, alisema: «Madamu, mama yake iko kwenye telefone.» Darasa likacheka. Niligeukia ubao nikaandika tarehe ambayo ilikuwa imeshaandikwa.

Jumatano baada ya masomo nilipanda toleka mpaka Mangobo. Njiani nilikuwa bado ninapanga namna ya kusema juu ya feza yangu. Nilikuta nyumba ya vyumba viwili na watu 11. Yeye, mume wake, watoto wao wawili. Na dada yake mkubwa na watoto sita waliokimbia kutoka Lubunga. Ninyi nyote mnakumbuka mwaka ule, mapigano kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola juu ya ardhi, watu walivyovuka mto na magodoro vichwani. Mimi pia nilikuwa nimesikia kila siku kwenye redio. Nilisikia «Lubunga», na sikuwahi kuunganisha neno hilo na meza ya mteja wangu wa Lubunga. Aliiacha meza na vilivyokuwa juu yake. Telefone aliiuza wiki ya kwanza wageni walipofika, akanunua unga wa muhogo. Ndiyo sababu ya alama moja.

Sehemu ya sabuni yangu niliiona. Kipande kimoja, kimebaki nusu, kilikuwa juu ya jiwe karibu na ndoo, na mtoto wa dada yake alikuwa akioga nacho.

Alisema: «Mwalimu amefika. Mpeni kiti.» Wakanipa kiti cha pekee kilichokuwapo. Wakaniletea maji ya kunywa. Nilishika kikombe bila kunywa. Yeye ndiye aliyeanza: «Deni ninalo, silikatai. Nitalipa. Jirani alinionyesha ile foto.» Akanyamaza, kisha akasema: «Siku ile nilikuwa nacheka, mwalimu. Ulinipiga nikicheka kwa sababu nilifurahi.»

Nilimwomba msamaha. Nilisema nitafuta. Lakini muda wa kufuta kwa watu wote ulikuwa umepita, na hata kama usingepita, foto ilikuwa imeshatoka mikononi mwangu, iko katika telefone za watu ambao mimi na yeye hatutawajua. Nikasema nitatuma ujumbe mwingine kwenye grupu, nitaeleza kwamba yeye si mwizi, nitaeleza habari za vita na za wageni wake. Alikataa. «Usitaje tena jina langu,» alisema. «Wenye hawakuniona watatafuta kuniona. Taja lako.»

Nilirudi nyumbani nikajaribu mara sita kurekodi. Mimi niliyekuwa nawafundisha wengine kwamba sekunde 40 zinatosha! Mwishoni nilisema hivi: mimi, nikataja jina langu na kazi yangu, Jumamosi nilituma foto ya mtu kwa hasira. Nilikosa. Sikuuliza kabla ya kusema. Aliye nayo aifute, na aliyeipeleka mbele awaambie aliowapelekea kwamba mwenye kosa ni mimi.

Msidhani kila mtu alinipongeza. Wengine walinitumia maneno mazuri. Wengine waliandika kwamba mwalimu amelegea, sasa kila mtu atamlia feza. Watu 19 walitoka kwenye grupu, na wenye butike wawili waliokuwa wakichukua kwa jumla waliacha, nadhani kwa kuogopa zamu yao. Mwezi ule niliuza chini ya nusu ya kawaida. Likelemba nililipa kwa kuuza ile telefone ya biashara, basi kwa muda hata Mama Sabuni mwenyewe alikuwa na alama moja.

Baadaye, hapa katika mkutano wetu, mama mmoja avoka alitueleza juu ya Kodi ya Numeriki, sheria ya tarehe 13 mwezi wa 3 wa 2023, inayolinda pia habari za mtu binafsi. Mlikuwa mnaandika, mimi nilikuwa naangalia sakafu nikihesabu: sheria ilikuwa na miezi miwili tu nilipotuma foto ile. Avoka alisema kutangaza uso na jina la mtu pamoja na shutuma kunaweza kukupeleka mbele ya jaji hata kama deni ni la kweli. Yule mama hakuwahi kunitajia jaji.

Binti alirudi darasani wiki iliyofuata. Mbele ya hapo ndiye aliyekuwa akifuta ubao bila kuombwa. Sasa alikaa benchi la mwisho, na mpaka mwisho wa mwaka wa shule hakuinua mkono tena kwangu. Alijibu nikimwuliza, kwa adabu, akiangalia daftari. Alifaulu. Pointi zake nilizihesabu mara mbili, nikiogopa nisimwonee tena au nisimpendelee kwa sababu ya aibu yangu.

Deni lilianza kulipwa mwezi wa 8, franka 5.000 kwa 5.000. Mara ya tatu nilimwambia iliyobaki nimeisamehe, vita haikuwa kosa lake. Alikunja noti ndani ya kiganja changu akanifungia vidole. «Hapana. Ukinisamehe hiyo, ile foto itabaki kweli.» Alileta mara kumi. Ya mwisho ilikuwa mwezi wa 3 wa 2024, na aliniomba niandike kwenye daftari mbele yake, kwa wino, kwamba imekwisha.

Ninyi mliuliza ninafanyaje. Siku hizi anayechukua kwa jumla analipa kabla ya mzigo kutoka. Asiye na feza ya katoni anachukua vipande kumi. Madeni machache niliyo nayo yako kwenye daftari, na daftari liko ndani ya sanduku. Mtu akichelewa, ninapanda toleka. Ni ghali kuliko ujumbe, lakini ninarudi nikijua kilichotokea. Sura ya mteja siweki tena kwenye telefone. Ninapiga mikono yake ikipokea sabuni. Foto za mikono hazisifiwi sana, maua yamepungua, ila sabuni inaisha.

Mwezi uliopita, Ijumaa usiku, niliangalia orodha ya walioona statu yangu, kama ninavyofanya siku zote, nikitafuta nani nimkumbushe. Kati ya majina nikaona la yule mama. Namba yake sikuwahi kuifuta. Niliduwaa nikiiangalia telefone, maana kama nilivyowaeleza hapo juu, asiyehifadhi namba yako haoni statu yako. Alikuwa amepata telefone nyingine, na alikuwa ameandika namba yangu ndani yake.

Baada ya dakika chache sauti ikaingia, fupi kuliko zangu: «Mwalimu, vipande vitatu. Binti atapita kesho.»

Jumamosi asubuhi alikuja. Amekuwa mrefu, yuko sekondari sasa. Alisimama mlangoni, akasema: «Madamu, jambo.» Alihesabu franka 3.000 juu ya meza, akaweka sabuni ndani ya mfuko, na kabla ya kuondoka akaniuliza kama ni kweli kwamba soda ndiyo inayomwagwa ndani ya maji, si maji juu ya soda. Nilimwambia akae, nikamletea kiti.